Aby Warburg: kweli aliuza urithi wa benki kwa ajili ya vitabu?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Nimeona mahali kwamba kuna Mjerumani, mtoto wa wenye benki, alimwachia mdogo wake urithi ili awe ananunuliwa vitabu maisha yake yote. Ni kweli au chai tu? Na kama ni kweli, jamaa aliishia wapi? Maana nikimtafuta naona vitabu alivyoandika ni vichache, chuo hakufundisha sana, halafu akaugua akili. Sasa anasifiwa kwa lipi?"

Haya. Sio chai, ila sukari imeongezwa kidogo.

Jamaa anaitwa Aby Warburg, kazaliwa Hamburg tarehe 13 Juni 1866, kifungua mimba wa watoto saba kwenye familia ya Kiyahudi yenye benki yao ya M. M. Warburg iliyoanza 1798. Kwa taratibu za nyumba zile kifungua mimba ndo anakalia kiti cha baba. Stori ya urithi tunaipata kwa Max, mdogo wake aliyemfuata, ambaye aliisimulia kwenye kumbukumbu baada ya kaka yake kufariki 1929. Anasema Aby alikuwa na miaka 13, akamwambia chukua ukubwa wangu, na hakuutoa kwa bakuli la dengu kama Esau, alichotaka ni ahadi kwamba Max atamnunulia kila kitabu atakachohitaji. Max mwenye miaka 12 akapiga hesabu ya kitoto: vitabu vya waandishi wakubwa wa Kijerumani, Schiller, Goethe, Lessing, labda na Klopstock, biashara si itaweza tu kulipia hivo, akakubali palepale. Uzeeni anakiri kwamba ilikuwa sawa na kutoa hundi tupu bila kujua.

Sukari ninayosema ni kwamba hamna karatasi, shahidi ni mmoja, na anaongea miaka kama 50 baadaye kwenye shughuli ya kumkumbuka marehemu, na watu tunajua stori za pale zinavyonyooshwa. Lakini deni lililipwa kweli. Max akaingia benki, Paul na Felix wakaenda New York wakaoa kwenye familia za benki ya Kuhn, Loeb, huyo Paul ni mmoja wa watu waliobuni mfumo wa benki kuu ya Marekani, na pesa za ndugu hao zilimiminika kwenye rafu za kaka yao miaka na miaka. Kwa hiyo mtu akikusimulia habari za Warburg kama kijana aliyeacha mali akafuata elimu, mkatalie, mali hakuiacha, alichoacha ni kazi ya kuitafuta. Ingekuwa mtoto wa fundi viatu tusingekuwa tunamjadili hapa.

Sasa tuje kwenye lile la msingi, anasifiwa kwa lipi.

Alisoma Bonn kuanzia 1886, na cha kuangalia ni aliyokuwa anayasikiliza pale, maana hakukaa kwenye sanaa peke yake, alikuwa anaingia madarasa ya Hermann Usener kuhusu dini na visasili vya Wagiriki, na ya Karl Lamprecht kuhusu historia ya utamaduni. Baadaye akaenda Florence na kundi la wanafunzi wa August Schmarsow, na hukohuko mwaka 1888 akakutana na Mary Hertz, msanii wa Hamburg, Mprotestanti, ambaye ilibidi wasubiriane mpaka 1897 ndo wakaoana kwa sababu nyumbani kwa akina Warburg suala la kuoa nje ya dini halikuwa dogo. Thesis yake akaimalizia Strasbourg, ikachapwa 1893, inahusu picha mbili za Botticelli, mchoraji wa Florence, ambazo hata wewe umeshaziona kwenye kalenda au kwenye makava ya daftari: ile ya Venus anasimama juu ya kombe la bahari, na ile ya bustani ya majira ya kuchipua.

Wenzake wa wakati ule walikuwa wanaandika kuhusu uzuri, utulivu, mistari laini, basi wanasifia weee. Yeye akauliza swali ambalo mtoto angeuliza: mbona nywele na nguo zinapepea hivi? Akachimba, akakuta mshairi Poliziano, aliyekuwa karibu na wakubwa wa Florence, anaelezea kwenye mashairi yake nguo na nywele zinazopeperuka kwa namna hiyohiyo, na Poliziano mwenyewe kazitoa kwa Ovid na washairi wengine wa kale wa Roma. Maana yake wachoraji wa Renesansi (Italia ya karne ya 15 na 16) walipotaka kuonyesha kitu chenye uhai, chenye mwendo, walikwenda kuazima kwa watu wa kale, na walichoazima ni fujo. Hapo ndo alipopishana na Wajerumani wa kizazi kilichomtangulia, waliozoea kuiona sanaa ya kale kuwa ni upole na utulivu mtupu. Warburg akaona ile sanaa imebeba pia hofu, kichaa cha ngoma, kilio, watu wanakimbizana, na kwamba miili ya namna hiyo ikishachongwa au kuchorwa vizuri mara moja inabaki imehifadhiwa, mtu wa miaka 1000 mbele anaweza kuichukua na kuiwasha tena.

Nikupe mfano mmoja uuone kabisa. Florence kuna kanisa la Santa Maria Novella, nyuma ya altare kuna kuta zilizochorwa na Domenico Ghirlandaio kwa pesa za familia ya Tornabuoni. Picha mojawapo ni kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Chumba kimetulia, mama yuko kitandani, wanawake wa heshima wamekuja kumwona mzazi, wamevaa nguo nzito za gharama na wanatembea kama watu wanaojua wanaangaliwa. Halafu kulia kabisa anaingia binti mtumishi, kichwani kabeba sinia la matunda, anatembea haraka, nguo imejaa upepo nyuma yake kama tanga la jahazi. Upepo unatoka wapi ndani ya chumba cha mzazi? Hamna mtu mwingine mle anayepigwa na upepo. Mwaka 1900 Warburg na rafiki yake Mholanzi André Jolles wakaandikiana barua kuhusu huyu binti, Jolles anajifanya kampenda hasa, anamwona kila mahali, na Warburg anamjibu kwa utani lakini moyoni yuko siriasi, kwamba huyu si mtumishi tu, huyu ni binti wa kipagani aliyetoka kwenye majeneza ya mawe ya Warumi akaingia nyumbani kwa mfanyabiashara Mkristo bila kubisha hodi. Hakuwahi kumaliza kitabu kuhusu huyu binti. Vingi hakuvimaliza, tutafika.

Kati ya thesis na ndoa kuna safari ya Marekani 1895 mpaka 1896. Alikwenda kwenye harusi ya Paul New York, akachoshwa na maisha ya matajiri wa pale, akapanda treni kwenda New Mexico na Arizona kwa Wapueblo na Wahopi, wenyeji wa asili wa kule. Kijiji cha Oraibi aliona ngoma ya wale wanaovaa sura za kachina, yaani roho zao. Ile ngoma maarufu ya nyoka, ambayo watu wengi wanadhani aliiona, hakuiona, aliisoma tu. Ila alifanya kajaribio kazuri: shuleni Keams Canyon aliomba watoto wasimuliwe hadithi yenye mvua ya radi ndani yake, halafu waichore wao wenyewe, na kati ya watoto 14 wengi walichora radi kama walivyofundishwa na vitabu vya shule, wawili wakachora nyoka mwenye kichwa cha mshale, kama babu zao. Hii ilimkaa miaka 27. (Na tuseme pia, alipiga picha na kukusanya vitu kama wageni wote wa wakati ule walivyofanya, leo Wahopi wenyewe wamepiga marufuku kupiga picha sherehe zao, na hizo picha zake za zamani zina maswali yake.)

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Ferrara, na msomaji wa pwani ataielewa haraka kuliko mwanafunzi wa Ulaya. Pale kuna jumba la Schifanoia, ukumbi umechorwa miezi ya mwaka kwa amri ya Borso d'Este, mtawala wa mji, karibu na 1470. Kila mwezi una tabaka tatu. Juu kabisa mungu wa kale kwenye gari la ushindi, Machi ni Minerva anavutwa na farasi wenye pembe moja. Chini kabisa ni Borso na watu wake, wanawinda, wanahukumu kesi, mambo ya kawaida ya ikulu. Katikati kuna alama ya nyota ya mwezi huo na watu watatu wa ajabu, na hawa watu hakuna aliyekuwa anajua ni akina nani. Kwa mfano Machi, burji Hamali, hiyo nyota ambayo magazeti yetu yanaiita Punda, kuna mwanaume mweusi, amesimama wima, nguo nyeupe imechakaa, kiunoni kajifunga kamba na ameishika mkononi. Miaka yote wataalamu wanapita wanasema mapambo.

Warburg akamkuta kwa Abu Ma'shar. Ndio, huyohuyo Abu Ma'shar al-Falaki ambaye kitabu chenye jina lake waalimu wa falaki wa Unguja, Pemba na Mombasa wanacho chini ya mkeka mpaka leo (kama kweli ni chake huo ni mjadala mwingine). Mtu wa Balkh, kafanya kazi Baghdad, kafa 886. Kwenye utangulizi wake mkubwa wa elimu ya nyota anagawanya kila burji mafungu matatu ya siku kumikumi, kila fungu lina bwana wake, na wa kwanza wa Hamali, kwa maneno ya Wahindi anayoyanukuu, ni mtu mweusi mwenye macho mekundu, mkubwa wa mwili, kavaa nguo nyeupe kubwa kaifunga katikati kwa kamba, ana hasira, kasimama anachunga. Ni yuleyule, na kamba yake. Warburg akaendelea kurudi nyuma, akisaidiwa sana na utafiti wa Franz Boll kuhusu unajimu wa kale, akamkuta India kwa mnajimu Varahamihira ana shoka mkononi, na akahitimisha kwamba mwanzo kabisa alikuwa Perseus wa Wagiriki, shujaa wa mbinguni, aliyesafiri toka kwa Wagiriki akapitia Misri, India, Uajemi, Baghdad, Hispania, akabadilishwa nguo kila bandari mpaka akatua kwenye ukuta wa Mtaliano hajulikani tena na ndugu zake. Aliyasema haya Rome mwezi Oktoba 1912 kwenye kongamano la kimataifa la wanahistoria wa sanaa, na aliwaambia wazi kwamba walinzi wa mipaka ya masomo wamekaa vibaya, sanaa ya Italia huwezi kuielewa kama hutaki kugusa Uarabuni, unajimu, kalenda na vitabu vya bei rahisi. Kwa mtu anayeona Ulaya ilijizaa yenyewe, ile hotuba ni kofi.

Ulisema chuo hakufundisha. Ni kweli kwa kiasi, ila sio kwamba alikosa. Mwaka huohuo wa 1912 chuo kikuu cha Halle kilimtaka akakataa, na Hamburg yake ilikuwa haina hata chuo kikuu mpaka 1919, jiji la meli na biashara, mizigo ya kampuni ya kina O'Swald inakwenda na kurudi Unguja, chuo cha nini. Jiji likampa cheo cha profesa kwa heshima akabaki nyumbani na vitabu vyake, na kuanzia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa na msaidizi kutoka Vienna, Fritz Saxl, kijana ambaye bila yeye habari hii ingeishia 1918.

Maana vita ilimvunja. Toka 1914 alikuwa anakata magazeti usiku na mchana, anapanga, anaweka alama, familia nzima imewekwa kazini, hata akasaidia kutoa jarida la picha la Kiitaliano akitumaini Italia isiingie vitani dhidi ya Ujerumani, ikaingia. Ujerumani inaanguka, Novemba 1918, akashika bastola akatishia kuiua familia yake kwa kuamini kuna watu wanakuja kuwafanyia mabaya zaidi. Akapelekwa hospitali Hamburg, Jena, halafu 1921 kwenye kliniki ya Bellevue ya daktari wa akili Ludwig Binswanger, Kreuzlingen, Uswisi. Freud alimwandikia Binswanger kuulizia hali yake, na Binswanger akajibu kwamba haoni kama atarudi kwenye kazi ya kitaalamu. Mwanzoni waliita skizofrenia, mapema 1923 akaja daktari mwingine wa akili, Emil Kraepelin, akasema hapana, huu ni ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na anaweza kupona.

Tarehe 21 Aprili 1923, akiwa bado mgonjwa mle ndani, akatoa mhadhara mbele ya madaktari na wagonjwa wenzake kuhusu Wahopi na nyoka. Saxl alikuja kumsaidia kuuandaa. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba akili bado inafanya kazi, na kweli mwaka uliofuata, Agosti, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Hapa watu wa mitandaoni wanapenda kusema kichaa ndo kilimpa kipaji. Mi sikubaliani kabisa. Karibu miaka sita ya utu uzima wake ilikwenda kwenye hofu tupu, alikuwa anaongea na wadudu nondo, wale wanaofanana na vipepeo, chumbani kwake, anadhani chakula kina nyama ya watoto wake, na alipotoka ule mhadhara wenyewe hakutaka uchapwe, akamkataza Saxl asiuonyeshe ovyo, ukatoka kwa Kiingereza 1939 akiwa ameshakufa. Mawazo makubwa ya Ferrara na Florence yalikuwa yameshatoka kabla hajaugua.

Alirudi akiwa na miaka 58 na akaishi mitano tu, lakini hiyo mitano! Mtaa wa Heilwigstraße, kiwanja cha pembeni ya nyumba yake, wakajenga maktaba, ikafunguliwa 1926, ina lifti ya vitabu, ina simu, chumba cha kusomea kina umbo la duara lililovutwa, ambalo kwake lilikuwa na uzito kwa sababu ya Kepler, mtaalamu wa nyota aliyeonyesha kwamba njia za sayari zina umbo hilo, jambo walilozungumza na mwanafalsafa Ernst Cassirer alipokwenda kumwona Kreuzlingen. Juu ya mlango wa ndani kumeandikwa MNEMOSYNE kwa herufi za Kigiriki, yaani kumbukumbu, mama wa wale miungu wa kike wa sanaa.

Vitabu havikupangwa kwa herufi wala kwa ukubwa kama maktaba nyingi za wakati ule. Alivipanga kwa ujirani. Kitabu cha unajimu kinakaa karibu na cha hesabu za nyota na cha uganga, kwa sababu kihistoria walikuwa wanaishi nyumba moja, na imani yake ilikuwa kwamba kitabu unachokihitaji mara nyingi ni kile kilicho pembeni ya kile ulichokuja kukitafuta. Na akipata wazo jipya anahamisha. Asubuhi rafu ziko hivi, jioni ziko vingine, wageni wanachanganyikiwa, Gertrud Bing, msaidizi wake mwingine, anafuata nyuma na katalogi. Cassirer alipoingia mara ya kwanza alisema hapa ama mtu akimbie au akubali kufungwa miaka mingi. Alibaki, na Erwin Panofsky, mwanahistoria wa sanaa ambaye baadaye alikuwa jina kubwa kuliko wote Marekani, alikuwa anakula vitabu hivyohivyo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa atlasi ya picha. Mbao kubwa zimefunikwa kitambaa cheusi, juu yake anabandika picha za sanamu za kale, michoro ya Renesansi, ramani za nyota, stempu za posta, mwanamke anacheza gofu kutoka kwenye gazeti, bila maelezo marefu, anataka jicho lako litembee kutoka mkono ulioinuliwa huku kwenda mkono ulioinuliwa kule. Alikuwa anazihamisha kama vitabu. Tarehe 26 Oktoba 1929 moyo ukasimama, mbao zikiwa 63 na picha zaidi ya 900, na maandishi ya kuzieleza hakuna. Kwa hiyo ukisema aliandika kidogo uko sahihi kabisa, maandishi yake yaliyokusanywa na Bing 1932 ni juzuu mbili na Kijerumani chake ni kigumu, sentensi moja inaweza kukumaliza nusu saa. Lakini kazi yake ilikuwa ile maktaba na hizo mbao, na huwezi kuzihesabu kama unavyohesabu vitabu vya profesa.

Na maktaba ndo ilikaribia kupotea. Wanazi wanashika nchi Januari 1933, wafanyakazi wake wengi ni Wayahudi, Panofsky na Cassirer wanapoteza vyuo. Saxl, Bing na mwenzao Edgar Wind wakatafuta pa kukimbilia, London wakakubali, na Hamburg wakaambiwa ni mkopo wa miaka mitatu tu. Desemba 1933 meli mbili ndogo, Hermia na Jessica, zikatoka bandarini na masanduku 531, vitabu kama 60,000, na rafu zake. Huo mkopo haukurudi. Mwaka 1944 ikawa mali ya Chuo Kikuu cha London na mpaka sasa iko pale Woburn Square, bado imepangwa kwa ujirani. Jengo la Hamburg likabaki tupu ya vitabu, jiji likalinunua 1993 na linatumika tena kwa mihadhara. Benki nayo akina Warburg walinyang'anywa 1938, Max akaondoka Ujerumani. Kati ya urithi wa kaka na wa mdogo, wa kaka ndo ulitoka salama.

Ukitaka kuanza kumsoma usianze na maandishi yake, utakata tamaa. Anza na mbao, zipo mtandaoni bure na zina namba. Ya 27 ni ya Schifanoia, ya 39 ni ya Botticelli, na ya 46 ni ya yule binti wa sinia la matunda, ambapo amepangwa na ndugu zake wote wanaobeba vitu kichwani. Mi ningeanza na hiyo ya 46, dakika kumi hivi, bila kusoma maelezo ya mtu yeyote.